Makufuli ya Chapa Simba

Casablanca, 3 Machi 1999

Dada Suqin,

Umekula? Baba je, kikohozi kimempa nafasi ya kulala, au bado anawaamsha majirani? Mimi mzima wa afya, ila jino langu moja la mbele limebaki barabarani. Usianze kulia. Sikiliza kwanza.

Niliona duka zuri katika soko la jumla, mlango wa chuma, ghala nyuma, chumba cha kulala humo humo. Nikiwa napatana na mwenye nyumba akaingia nani? Ye Bangguo, mtoto wa Mzee Ye wa mtaa wetu, na sanduku la sampuli mkononi kama langu. Tumesafiri nusu ya dunia tukaja kukutana mlango mmoja! Akaniambia nirudi kwetu nikauze viazi. Nikampiga. Akanipiga. Mwenye nyumba alikunja mikono, akasubiri tumalize, kisha akampa duka aliyebaki amesimama. Aliyebaki amesimama ni mdogo wako.

Huku kila mlango ni wa chuma na kila mlango una kufuli, na makufuli yao ya Ulaya yanauzwa kama dhahabu. Nilipotoa Simba wetu wafanyabiashara walininyang'anya sampuli zote, hata lile lililofunga begi langu. Sasa nataka kontena zima, Dada. Bangguo naye ameagiza kwao. Anayefika wa kwanza anachukua soko, wa pili anaokota makombo. Mwambie shemeji Keming asilale.

Mlinzi wa uchochoro wetu anaitwa Ba Lahsen, mzee mwenye masharubu meupe. Siku ile ya ngumi alinifuta damu kwa kilemba chake mwenyewe, akaninywesha chai ya mnanaa yenye sukari ya kuua. Ananiita mwanangu. Nikipiga chafya, anakuja na chai. Kwa hiyo usihofu, nina mzazi huku pia.

Mdogo wako,
Dingyuan

*

Shuangxi, 20 Aprili 1999

Mdogo wangu Dingyuan,

Barua yako imefika, nimemsomea Baba, na aliposikia habari ya jino alicheka hadi kikohozi kikamshika. Sisi tu wazima kwa kadiri watu wanavyoweza kuwa wazima katika nyumba hii. Je, unapata wali huko? Usile mikate tu.

Ngumi zako zilifika nyumbani kabla ya barua. Mzee Ye alipopigiwa simu kuwa mwanawe kapigwa, alianza kutoa makufuli yenye chapa yetu, Simba yule yule, mkia ule ule. Baba akachukua nondo, akaenda peke yake. Alimvunja Mzee Ye taya mbele ya wakwe zake wakiwa mezani. Usiku haukupita, wakaja na watu wao, wakachoma katoni zetu zilizokuwa uani. Keming alikatwa sikio na kipande cha bati. Limeshonwa, lakini limekaa upande, na watoto wa mtaani wanamwita Sungura.

Kontena lako litaondoka. Nimegawa kazi mtaa mzima kama kawaida: kwa shangazi Lan wanapiga miili, nyumba ya pili wanakunja springi, ya tatu wanang'arisha, funguo zinakatwa kwetu. Tatizo ni funguo. Unajua mashine ile: kila baada ya makufuli machache lazima isimamishwe, visu vibadilishwe, na pini za ndani ya kufuli zipangwe upya ili zilingane. Waliokuwa wakiijua kazi hiyo ni wawili, na akina Ye wamewanyakua wote kwa mshahara mkubwa. Keming akasema tusiibadilishe kabisa. Meno ya namna moja, katoni zote. Maana yake kila ufunguo wa Simba utafungua kila Simba.

Moyo wangu haukutulia. Nimekubali kwa sababu meli haimsubiri mtu. Baba hajui, tumemwambia mafundi wapya wanakuja usiku. Wewe ndiye uliye huko na watu hao. Kama ni vibaya, niambie nisimamishe.

Dada yako,
Suqin

*

Casablanca, 28 Juni 1999

Dada yangu,

Umekula? Mimi nimekula, nimeshiba, na nikicheua inatoka harufu ya kondoo. Sikio la Sungura linaendeleaje?

Nimesoma habari ya meno ya funguo nikacheka peke yangu. Nani atakayechukua ufunguo wa mwenzake akaujaribu kwenye mlango wake? Watu hapa wanatazama mambo mawili tu, bei na uzito mkononi. Simba mzito, Simba rahisi, basi. Usisimamishe kitu. Kontena lilipofika sikulitia hata ghalani. Waliligombania bandarini. Wanunuzi wawili walipigana kwa nondo za kufungulia masanduku, mmoja akapasuka kichwa, na bado akiwa anavuja damu alikuwa ananiambia nimwandikie katoni zake.

Nimefungua duka la pili. Binamu yetu Jinbao amefika, nimempa hilo. Mdogo wake nimemtuma Dakar na sampuli, na mke wake ana ndugu Tunisi anayetaka kuanza. Mwaka haujaisha tangu nishuke ndege na mguu mmoja wa soksi umetoboka! Bangguo alipofika na kontena lake, milango yote ilikuwa na Simba. Anakaa dukani anafukuza nzi.

Ba Lahsen anamuoza binti yake mwakani. Nimempa makufuli ya zawadi, moja la mlango wa nyumba yake, mengine ya masanduku ya vyombo na mazulia ya bibi harusi. Aliyafunga yote mbele yangu, akayavuta kwa nguvu zake zote, akanibusu kipaji cha uso. Wanaume wa huku wanabusiana bila haya.

Lete makontena mawili. Meno yale yale.

Mdogo wako,
Dingyuan

*

Shuangxi, 15 Oktoba 1999

Dingyuan,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku sijui niseme nini. Jicho langu la kushoto limevimba mpaka limefumba, kwa hiyo ukiona mistari imepinda, ujue.

Makontena yako mawili yalitoka, na la Dakar, na la Tunisi. Mtaa mzima haukulala. Shangazi Lan alisinzia kwenye mashine ya kupiga chuma, ikamla vidole viwili. Alivifunga kwa kitambaa akamwita mkwewe aendelee, maana zamu ilikuwa haijaisha. Ndivyo tulivyokuwa, na nilijivunia, sikufichi.

Juzi Baba aliokota kufuli chini ya meza, halina ufunguo. Kwa mchezo tu akachukua ufunguo kutoka katoni iliyokuwa mlangoni, akautia. Likafunguka. Akachukua kufuli jingine, katoni nyingine. Likafunguka. Nilikuwa nimesimama pale. Alifungua katoni baada ya katoni, makufuli yamemzunguka miguuni yote wazi.

Kisha akachukua nyundo kubwa. Aliivunja mashine ya meno mpaka ikawa vyuma chakavu. Keming alipojaribu kumshika, Baba alimgeukia na nyundo ile ile, akampiga kwa mpini mdomoni. Meno manne. Nilipoingia kati, nikapata changu. Unamjua Baba tangu tukiwa wadogo, mkono wake haujawahi kuuliza. Lakini nimepigwa na Baba mara nyingi, na hii ni mara ya kwanza kuona ana haki.

Aliniambia hivi: "Mmeuza milango ya watu. Mwandikie awaambie wote, mmoja mmoja, na ayarudishe."

Tangu siku hiyo hali chakula ila uji. Dingyuan, tulikosea. Mimi niliuliza, wewe ulicheka, na wote wawili tulitaka. Waambie watu. Nakuomba.

Dada yako,
Suqin

*

Casablanca, 20 Desemba 1999

Dada,

Salamu zako nimezipata. Pole kwa jicho. Mpe pole shemeji, ingawa najua hataki pole yangu. Huku ni mwezi wa kufunga, mchana soko ni kimya, kila mtu ana hasira ya njaa.

Unasema niwaambie. Unajua ni milango mingapi? Hata mimi sijui. Wapo wauza mazulia, wauza vitambaa, sonara, msikiti wa uchochoroni una Simba kwenye sanduku la sadaka. Nikifungua kinywa wataninyonga kwa mikono yao.

Na tayari kumeingia jambo. Mwezi uliopita duka la mshonaji mmoja lilikombwa lote, mlango haukuvunjwa, kufuli limerudishwa mahali pake limefungwa. Wiki iliyofuata, duka la sonara. Watu wakasema ni mwenye kujua funguo tu anayeweza hayo. Na anayejua funguo sokoni ni Bushaib, mzee mchonga funguo anayekaa kwenye kibanda kando ya duka langu. Mtu wa watu, hajawahi kuiba hata punje.

Walimtoa kibandani mchana, kabla ya kufuturu. Walimtia mkono wa kulia kwenye jiliwa lake mwenyewe, lile alilokuwa akibania funguo, wakalikaza. Nilisikia mifupa. Alikuwa akiapa kwa Mungu wake na kwa kaburi la mama yake. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, ufunguo wa Simba mfukoni, nimeushika mpaka umenikata kiganja. Ba Lahsen ndiye aliyejirusha katikati na rungu lake, akapigwa mabegani na yeye, mpaka wakamwachia yule mzee.

Sikusema kitu, Dada. Jioni Ba Lahsen aliniletea supu ya kufuturia, bega moja limevimba, akaniuliza mbona sili chakula.

Usinitumie barua za kunihukumu. Ninajihukumu mwenyewe vya kutosha.

Mdogo wako,
Dingyuan

*

Shuangxi, 8 Januari 2000

Mdogo wangu,

Umekula? Nakuuliza kwa kweli, maana najua ukihangaika huli. Baba ameanza kula. Nilimsomea barua yako yote, hata mkono wa yule mzee. Alitoka nje akakaa kwenye baridi mpaka nikaenda kumfunika.

Sikuhukumu. Mama alipokufa uling'ang'ania mguu wangu, na mimi nikamwahidi aliyekwishafumba macho kwamba hutapotea nikiwa hai. Sasa nakwambia kama Mama angekwambia: sema, kisha panda ndege uje. Au panda ndege kwanza, niseme mimi kwa barua. Lakini usikae hapo na ufunguo mfukoni ukitazama watu wakivunjwa mikono. Maji yakimwagika hayazoleki, ila aliyeyamwaga anaweza walau kuacha kuendelea kumwaga.

Tumekataa oda zote. Keming alisema nimerukwa na akili, soko likiwa la moto namna hii. Tumegombana mpaka nikamrushia birika la maji ya moto. Amehamia kwa akina Ye, na amewapelekea vipimo vyetu vyote. Aende. Mimi na Baba na shangazi Lan mwenye vidole vitatu mkono mmoja tunatengeneza kontena la kubadilishia, kila kufuli na meno yake. Litakuwa tayari baada ya Mwaka Mpya wetu wa mwezi ujao. Watu watakupa la zamani, utawapa jipya, bure.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kufuli moja. Baba amelichonga kwa tupa, kwa mkono, kuanzia mwili hadi ufunguo. Halina ndugu duniani. Amesema ni la mlango wako. Mimi nasema hivi, na usimwambie: mpe Ba Lahsen. Wewe ni kijana, unajua kukimbia. Yeye ana binti wa kuozwa na masanduku yamejaa nyumba, na kinacholinda nyumba hiyo ni zawadi yako.

Dada yako,
Suqin

*

Casablanca, Ijumaa 25 Februari 2000

Dada Suqin,

Salamu kwako, kwa Baba, kwa shangazi Lan. Leo siulizi kama mmekula. Nina muda mpaka sala ya alasiri, nimepewa na watu walio nje.

Nianze na lililo baya zaidi. Sikumpa. Kufuli la Baba lilipofika nililishika mkononi nikaona raha ya ajabu, kama mtoto aliyerudi nyumbani. Nikasema nitampa kesho. Nililala nyuma yake usiku ule, usingizi ambao sikuwahi kuupata tangu mwezi wa kufunga. Kesho yake nikasema kesho. Ba Lahsen alipita kila jioni akanisalimu, na mimi nilimsalimu kutoka nyuma ya kufuli lililopaswa kuwa lake.

Siku kumi zilizopita waliingia nyumbani kwake. Walifungua mlango taratibu, wakafungua masanduku ya bibi harusi moja moja. Mzee aliamka. Aliwakuta na mazulia mabegani akamshika mmoja. Walimchoma visu vingi, Dada, mkewe anasikia kutoka chumba cha pili. Tulipombeba kwenda kaburini alikuwa mwepesi. Mlangoni kufuli la Simba lilikuwa linaning'inia, zima, linang'aa.

Leo baada ya sala ya Ijumaa watu walipokuwa wanatoka msikitini nilisimama uchochoroni nikatoa ufunguo. Kiarabu changu ni cha kuuzia, sikuwa na maneno ya jambo kama hili. Kwa hiyo nikaonyesha. Nikafungua duka la muuza mazulia. Nikafungua la vitambaa. Nikafungua la sonara, na lile la ng'ambo, na lililofuata, kwa ufunguo mmoja, na watu wakinifuata, mpaka nikafika mwisho wa uchochoro na milango yote nyuma yangu i wazi. Nikasema: ni mimi, ni kiwanda chetu, Bushaib hakuiba.

Bushaib alikuwa hapo. Aliniinulia mkono wake ule, umekauka kama kucha ya kuku. Akasema, "Ulikuwepo. Ulisimama pale ukitazama."

Nikasema ndiyo.

Hakunigusa. Alikaa chini tu, kwenye kizingiti. Lakini wengine walianza. Mbavu zimekwenda, nadhani mbili, na sikio moja halisikii. Sasa nimefanana na shemeji. Nilitambaa mpaka dukani, nikafunga komeo kwa ndani kwa kufuli la Baba.

Basi wakaja na funguo zao. Mlango una tundu la kupitishia mkono, kwa hiyo waliweza kulifikia. Kila mtu sokoni ana ufunguo wa Simba. Nililala sakafuni nikisikiliza, ufunguo unaingia, unakwama, unatoka, unaingia mwingine. Sijui mara ngapi. Walijaribu nondo. Mwambie Baba limeshika. Hata halikutikisika.

Dris, mwana wa Ba Lahsen, ndiye amewasimamisha. Amesema kupitia tundu, sauti yake ni ya baba yake kabisa: "Toka mwenyewe. Ukikataa, baada ya alasiri tunachoma."

Wamekwisha kumwaga mafuta ya taa mlangoni. Juu yangu anakaa mwanamke mshonaji na watoto wake watatu, ngazi yao inashukia humu humu. Nawasikia wanakohoa kwa harufu. Dirisha la nyuma lina vyuma nilivyotia mimi mwenyewe dhidi ya wezi. Jinbao yuko upande wa pili wa vyuma hivyo, analia, anasubiri karatasi hii. Nimemwambia akishaishika akimbie.

Usimchukie Dris. Usimwache Baba aseme ni kufuli lake lililoniua. Muadhini ameanza.

Mdogo wako,
Dingyuan

*

Shuangxi, 4 Aprili 2000, siku ya kufagia makaburi

Mdogo wangu Dingyuan,

Umekula? Nimekupikia samaki wa kukausha kwa tangawizi na wali wa mpunga mpya, na Baba amekumiminia mvinyo. Barua hii nitaichoma pamoja na karatasi za fedha za kuwapelekea wafu, kwenye kaburi la Mama, kwa kuwa lako liko mbali. Yeye atakupa. Huko mliko nadhani hakuna ada ya posta.

Jinbao alifika juzi. Amenyoa nywele na hawezi kukaa karibu na mlango. Hakukimbia ulipomwambia. Alizunguka mbele akaona yote, na nilimlazimisha aseme yote, kwa sababu nilimwahidi Mama.

Amesema ulitoka mikono ikiwa wazi. Amesema kwanza uliwapisha mshonaji na watoto wake, ukambeba yule mdogo mpaka kizingitini huku umejishika mbavu. Dris alikuuliza jambo na ulijibu, Jinbao hakusikia nini. Bushaib alipiga kelele wakuache, akasukumwa. Kisha mawe na nondo. Polisi walikuja jua likiwa limezama. Bushaib alivua joho lake akakufunika, kwa mkono mmoja, ilimchukua muda mrefu. Namwombea heri mtu yule kila asubuhi.

Maduka yote ya watu wetu yalichomwa siku ile, hata la Bangguo aliyekuwa hajauza Simba hata mmoja. Amerudi na mgongo umeungua. Na unajua baba yake anafanya nini? Anapakia kontena la Dakar. Simba, meno ya namna moja, Keming ndiye anayesimamia. Nilikwenda pale na nondo ya Baba. Nilivunja mikono ya mashine mbili kabla hawajanishika, na Keming alinipiga teke la tumbo mbele ya wafanyakazi. Kesho yake mashine zilikuwa zinafanya kazi tena. Siwezi kuzizuia, Dingyuan. Sisi ndio tuliofungua njia hiyo, na njia haiulizi nani anapita.

Lakini kontena letu limekwisha. Linaondoka Jumanne ijayo, na mimi nafuata kwa ndege. Baba alitaka kwenda, nimemkatalia, kikohozi chake hakitavuka. Jinbao amenichorea uchochoro wote, mlango kwa mlango. Nitaanza na nyumba ya mjane wa Ba Lahsen. Watu wameniambia nitauawa. Labda. Sijui Kiarabu hata neno moja, nitawaonyesha kwa mikono, hili la zamani, hili jipya, kama ulivyoonyesha wewe.

Jinbao alileta kufuli. Alilikuta limening'inia kwenye komeo, masizi tele, akalichomoa. Baba amekuwa nalo mkononi tangu juzi. Amelisafisha kwa mafuta, amelikagua kila upande akitafuta lilipovunjwa. Hakupata. Halina hata mkwaruzo ndani. Jana jioni akanijia jikoni akaniuliza, basi walilifunguaje.

Nikamwambia hawakulifungua wao. Nikamwonyesha ufunguo niliokuwa nimemficha, Jinbao aliukuta bado ndani yake.

Dada yako,
Suqin